Mawingu Kiasi, Mvua Nyepesi Maeneo Machache, na Vipindi vya Jua

Hivi jamani, Agosti ya pwani tuiite nini? Baridi siyo, maana mtu wa Makete akikukuta na sweta kwa nyuzi 20 atakuomba ulivue ajifutie jasho. Joto siyo, maana ukijimwagia maji ya pipa saa 11 alfajiri unaimba bila kupenda. Masika yalishapita, lakini jinzi iko kambani siku ya tatu na bado inachuruzika mifukoni. Ukifungua redio upate mwongozo, unasomewa ile ile: hali ya mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua. Sasa hapo kilichobaki nini? Theluji tu.

Na ukinuna, kinachouma zaidi ni kwamba utabiri ulikuwa sahihi. Kigamboni walilowa, Mbezi walianika, Kariakoo waliangalia juu tu. Hakuna aliyedanganywa. Shida ni kwamba sentensi moja inasomewa ukanda mzima, na kila mwenye kamba ya nguo anaamini imeandikwa kwa ajili yake.

Sasa utabiri wa redio hautaji saa, ila kipupwe chenyewe kina saa zake, na huko ndiko pa kukibana. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko bahari, kwa hiyo hewa inateremka taratibu kuelekea majini. Ndio ule upepo wa nchi kavu uitwao umande, unaomsukuma mvuvi atoke alfajiri bila kupiga kasia sana. Huko nje umande unakutana na kusi, upepo wa kusini-mashariki, ambayo imesafiri kutoka kwenye mgandamizo mkubwa wa hewa kule upande wa visiwa vya Maskarene, mashariki ya Madagaska, imepita juu ya bahari njia nzima na imebeba unyevu mpaka shingoni. Pepo mbili zikigongana, hewa haina pa kwenda ila juu, wingu linajijenga karibu na ufukwe, na manyunyu yanateremka kuanzia kama saa 10 alfajiri hadi saa 3 asubuhi. Yaani saa zile zile za kwenda kazini na shuleni. Ukishafika umelowa, ukishakaa, ukishapiga chafya mara nne, jua hilo linatoka linacheka.

Kwa hiyo anayeanika saa 1 asubuhi kwa sababu “leo kumekucha vizuri” anaisuuza nguo mara ya pili kwa gharama ya Mungu. Anika saa 4. Elekeza kamba mahali panapopata upepo wa kusini-mashariki, maana mwezi huu kinachokausha ni upepo kuliko jua. Acha shubiri moja kati ya nguo na nguo, kwa sababu zikibanana hewa yenye unyevu inakwama katikati na hapo ndipo harufu ya uvundo inapozaliwa. Jinzi na sweta zigeuzwe ndani nje, mifuko ivutwe itokeze. Na saa 10 jioni anua, hata kama bado kuna unyevu kidogo. Ukisubiri jua lizame, hewa inapoa, unyevu unarudi kwenye kitambaa, na kama nyumba iko karibu na bahari inarudi na chumvi yake. Chumvi inavuta maji. Shati lenye chumvi halikauki, linapumzika tu.

Mwavuli? Mwavuli wakati wa kusi ni ushahidi kwamba mtu hajakata tamaa. Uelekeze upepo unakotoka, uuinamishe mpaka uone miguu yako tu, na ukikata kona ukunje kabla haujakugeuka na kuwa bakuli.

Halafu wapo wa simu. Hao ndio wananichosha. “Simu imesema asilimia 30, haitanyesha.” Nani kakwambia? Asilimia 30 maana yake siku kumi za namna hiyo, tatu zinanyesha, na leo inaweza kuwa mojawapo. Haimaanishi itanyesha kwa asilimia 30 ya nguvu, wala kwamba utalowa bega moja. Zaidi ya hapo, programu nyingi za simu hazitazami mtaa wako. Zinachukua hesabu za kompyuta ambazo zimeigawa dunia katika visanduku, na kimoja kinaweza kuwa na upande wa kilomita 25 hivi. Unguja nzima kwa upana haifiki kilomita 40. Kisanduku kimoja kinameza mji, mashamba na kipande cha bahari, kisha kinatoa picha moja ya wingu yenye matone mawili. Nawe unakaa kuhesabu matone.

Kwenye bahari sasa tuache mzaha kidogo, japo hata huko kuna vituko. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina ngazi tatu za kuonya: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Msimu wa kusi ile ya kwanza inatoka mara kwa mara: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, mikoa ya Tanga, Dar es Salaam, Pwani, na visiwa vya Unguja na Pemba, mara nyingine hadi Lindi na Mtwara. Chini yake wanaandika kiwango cha uwezekano: wastani, kiwango cha athari: wastani. Basi abiria anasoma “wastani, wastani” anaona mambo mepesi, anapanda boti na tumbo limejaa chai na chapati tatu.

Ndugu yangu, mita 2 ya utabiri wa bahari siyo wimbi refu kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, ile ya mawimbi makubwa zaidi. Ukikaa majini saa kadhaa, wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Na upepo nao una hesabu yake chafu: kasi ikipanda mara mbili, nguvu ya kusukuma inapanda mara nne. Kwa hiyo kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa siyo “kidogo zaidi”. Tanga la ngalawa linalijua hilo, na bati lililopigiwa misumari kwa kubana matumizi linalijua pia. Mara nyingi bati haling'olewi kwa kusukumwa tu. Upepo ukipita juu ya ukingo unalifyonza. Ndiyo maana linaanzia pembeni na kwenye kona, na huko ndiko misumari iongezwe.

Anayevuka atazame mwezi pia. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti ya maji kupwa na kujaa hufika karibu mita 4. Maji yote hayo lazima yapite kwenye mkondo kati ya Unguja na bara ndani ya saa sita, kwa hiyo yanakimbia. Yakikimbia kinyume na kusi, mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama wima, yanafuatana kama wadai. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ni afadhali. Upepo wenyewe kwa kawaida huzidi kuanzia saa 6 mchana hadi saa 11 jioni, kwa hiyo mwenye tumbo jepesi atafute boti ya asubuhi. Atalowa na manyunyu bandarini, lakini chai yake itafika Unguja.

Kwenye baraza nako kuna mtabiri wa goti. Goti likiuma, mvua. Lisipouma, mvua ya baadaye. Huyo mwacheni. Lakini wale wazee wanaohesabu miongo, siku kumi kumi, tangu Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya huko Makunduchi, Unguja, mwezi Julai, msiwacheke. Mwongo wa nne unaangukia mwisho wa Agosti, na hao ndio watakaokwambia kuwa mvua hii si masika yaliyosahau kuondoka. Ni mchoo, mvua ndogo ya kipupwe, nayo ina kawaida ya kupita mwezi huu. Baada yake kusi inachoka, inaingia demani, msimu wa upepo mwepesi, bahari inalala. Jina mwongo lina walakini, nakubali, ila hesabu yake haijaanza jana.

Na kabla hujamaliza kununa na mchoo, mwishoni mwa Agosti hiyo hiyo utabiri wa vuli unatolewa. “Wastani hadi chini ya wastani.” Watu wanaguna. Wastani hapo ni kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua iliyozoeleka kwa miaka mingi, kwa hiyo eneo linaweza kukosa robo ya mvua yake na bado likaitwa la wastani. Wanaopima hutazama bahari: upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli hushiba, kama 1997 na 2019. Ukigeuka, tunatazamana. Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara hawamo hata kwenye ugomvi huu, wao wana msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba. Na hata vuli ikiwa juu ya wastani, inaweza kuangusha nusu yake ndani ya wiki moja, mfereji ukabeba viatu, halafu kukakauka mpaka…

Hebu ngojeni. Saa 3 bado, na kule kusini-mashariki kumeingia giza. Nani kaanika mashuka saa hizi?