Yule wa Shati la Kijani

Picha zimeingia leo asubuhi kwenye grupu la familia, 20 kamili, na mpaka saa hizi hakuna aliyeniambia asante. Meseji ya kwanza ilitoka kwa shemeji: "Huyu wa shati la kijani ni wa upande gani?" Ya pili ilitoka kwa dada yangu: "Kwani si wa kwenu?" Ya tatu ni sauti ya mama mkwe, dakika mbili na nusu, sijaifungua. Nina bando dogo na moyo mdogo.

Mimi ni mtu mzima, baba wa watoto wanne, kodi ya nyumba nalipa ikichelewa kidogo tu. Nilichotaka hakikuwa kikubwa: ukoo ukusanyike siku moja bila msiba, tupige picha moja yenye macho yote wazi, niitundike sebuleni pale penye kalenda ya mwaka juzi. Basi.

Zamani picha ilikuwa moja na ilitosha. Unaingia studio, ukutani pamechorwa ngazi, ndege na maua ambayo hayajawahi kuota popote. Koti liko msumarini, moja, la wateja wote, na kitana kimefungwa kamba kisitembee. Mkanda una picha 36 na mwenye kamera hana mpango wa kukupa mbili. Akikwambia usipumue, hupumui, ndiyo maana wazee wetu wote ukutani wako kama wanasubiri hukumu. Kisha unangoja wiki mbili zisafishwe. Ukikuta umefumba macho, umefumba, wajukuu watakujua hivyo hivyo.

Kijana wa sasa ana pakeji. Sh. 80,000, picha 20, saa moja na nusu. Nikapiga hesabu: 4,000 kwa kila picha. Nikatangaza mapema kwamba atakayefumba macho atanirudishia 4,000 yangu.

Shemeji akapendekeza twende Ujiji, kwenye miembe ya Livingstone. Nikamwambia Stanley na Livingstone walikutana pale mwaka 1871 bila mpiga picha na dunia nzima inawajua. Sisi tuende na kamera, nani atatujua? Binti yangu akataka stesheni ya hapa Kigoma, kwenye lile jengo la Mjerumani. Tukaishia ufukweni Katonga, kwa sababu mchanga haudai kiingilio.

Kijana ametoka Dar juzijuzi. Akasema mwanga mzuri ni wa lile lisaa la mwisho kabla jua halijazama, unatua usoni kama siagi. Kweli, silipingi hilo. Akasema basi tufike saa kumi na nusu. Jamani! Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini sisi tuko huku mwisho wa magharibi. Jua linatufikia dakika 40 hivi nyuma ya Dar, na jioni linajivuta vilevile mpaka karibu saa moja, kama mgeni rasmi. Saa kumi na nusu tuko pale watu 17 na vitenge vyetu vya sare, jua linatukodolea kutoka upande wa Kongo, ukoo mzima umekunja sura kama umeng'ata ndimu. Picha tano za kwanza ni makunyanzi. Sh. 20,000 hiyo.

Nikamshauri tulipe jua mgongo. Akakubali, tukageuka, ziwa likawa nyuma yetu, nyuso zikapumzika. Ila watu 17 hawaenei kwenye kamera. Kijana akarudi nyuma, akarudi tena, jicho limo kwenye kamera, akarudi hatua ya tatu akasimama katikati ya dagaa za watu zilizoanikwa. Mwenye dagaa hakupiga kelele. Alinyoosha tu mkono, kwangu, si kwa kijana. Nikatoa 5,000. Mama mkwe akaagiza zilizokanyagwa zifungwe, zisipotee bure.

Watoto nilikuwa nimesema walishwe kwanza, maana mtoto mwenye njaa hapigiki picha. Wakalishwa kweli. Maharage ya mawese, wakiwa tayari na nguo za picha. Mjukuu wangu akaja mbio kunisalimia akaning'inia kwenye tai.

"Sasa wazee wangu," kijana akasema, "tunapiga ile rasmi. Baba, sogea karibu na mama."

Nikasogea kwa mke wangu.

"Siyo huyo. Mama aliyekaa kwenye kiti."

Aliyekaa kwenye kiti ni mama mkwe. Miaka 27 ya ndoa, mimi na yule mama hatujawahi kupeana mkono. Nikimwona njiani nahamia ng'ambo ya barabara, naye anajifunika khanga anageukia ukuta, na kwa utaratibu huo tumependana sana.

"Hapa nilipo panafaa," nikasema.

"Baba, uko nje ya picha."

"Ndiyo panafaa."

"Sogea baba yangu, usiogope. Mshike bega mama, tuonyeshe upendo."

Ufuko ukanyamaza. Hata yule wa dagaa akaacha kugeuza. Shangazi yangu akapiga ukelele: "Weee! Amshike nani?" Mama mkwe akavuta khanga mpaka puani, likabaki jicho moja, na jicho hilo liko kwenye picha namba 9, mtu akitaka aje alione. Kijana wala hakujua alichokifanya. Akaja akanisukuma mgongoni! Mimi nimeganda kama nguzo ya umeme, visigino vinachimba mchanga, ananisukuma kuelekea kwa mkwe wangu mbele ya watoto wangu, na shemeji amekaa chini anacheka mpaka anatoa machozi.

Kikao kikaitishwa. Nasema kikao kwa sababu kilikuwa na mwenyekiti, shangazi. Kikaamua nisimame upande wa pili wa kiti, na kati yangu na mama mkwe pabaki nafasi ya heshima. Tukajipanga. Kijana akachungulia, akatikisa kichwa.

"Wazee, pana pengo hapo katikati. Aje mtu mmoja alizibe."

Akaja mtu mmoja.

Shati la kijani, suruali imekunjwa mpaka magotini, meno yote nje. Akaingia kwenye pengo, mkono mmoja akauweka begani kwangu, wa pili begani kwa mama mkwe, taratibu, kama kitinda mimba wake. Mama mkwe akashusha khanga. Akacheka! Nikajua huyu ni wa kwao, labda ametokea Kasulu. Wao wakajua ni wa kwetu, si amenishika mimi? Kuanzia namba 10 mpaka 20 yumo zote. Moja yuko na mama mkwe, wawili tu. Moja ameninyanyulia mjukuu. Nyumbani kwetu, mtaa wa Mwanga, akala pilau, akaongezwa, akabeba viti, akatuaga mmoja mmoja, jambo ambalo watoto niliowazaa mwenyewe hawafanyi. Na ule mwanga wa siagi? Ulifika saa kumi na mbili na nusu, kijana anafunga begi. Kuongeza muda ni 20,000.

Nimempigia sasa hivi kumuuliza kama yule mtu anaweza kufutika. Anafutika, anasema, 10,000 kwa kila picha, ila patabaki pengo. "Halafu mzee, mbona yule nilimtumia za kwake tangu jana? Aliniachia namba." Tangu jana! Mimi niliyelipa nimezipata leo!

Nimejikaza nikaifungua sauti ya mama mkwe. Anataka namba 14 isafishwe kubwa, iwekwe kwenye fremu ya kioo, na yule kijana mwenye adabu aalikwe Jumapili. Kwenye namba 14 mimi ni sikio moja na kipande cha tai.

Na hiyo tai si yangu. Ni ya jirani, aliniazima ya jioni moja tu, leo siku ya tisa. Nimejaribu sabuni ya kipande, nimejaribu ndimu, nimejaribu majivu, juzi mke wangu akaleta mafuta ya taa. Doa la mawese limekaa palepale, sasa lina na harufu. Tai anayo hiyo moja, ya harusini kwake, na Jumamosi anamsimamia mdogo wake. Nimesikia anakohoa uani. Nakijua kikohozi chake, hakina ugonjwa. Hodi hiyo. Jamani, semeni nimekwenda Mwandiga.