Goli ni la GS, lakini senta ilikuwa ya nani?

Kwenye timu za netiboli za mitaani na za maofisini, ukitoa wazo la kumkalisha mtu pembeni aandike takwimu za mechi, jibu huwa tayari mdomoni: sisi hatuchezi Kombe la Dunia, tumekuja kutoa jasho baada ya kazi. Anayejibu hivyo utamkuta usiku akibishania pasi za kiungo wa Simba au wa Yanga, lakini hilo tuliache.

Wanaolikataa daftari wana hoja, si wavivu tu. Mtu mmoja hawezi kuwatazama wachezaji 14 kwa pamoja. Akiinama kuweka alama, pasi mbili zimeshapita. Mara nyingi mwandishi ni mchezaji wa akiba, ana shoga yake uwanjani na kuna mchezaji ambaye yeye anaitaka nafasi yake. Baya zaidi, mchezaji akijua anahesabiwa huanza kuichezea hesabu. GA, mfungaji msaidizi, ataogopa kurusha akiwa ukingoni mwa nusu duara la kufungia ili asilimia zake zisishuke. WD, mlinzi wa pembeni, atafukuzia kila pasi ili aandikiwe kuwa amenasa, huku WA, mshambuliaji wa pembeni aliyepaswa kumkaba, yuko peke yake. Na ukurasa ukipigwa picha ukarushwa kwenye grupu la WhatsApp, wiki inayofuata kuna mtu haonekani mazoezini.

Yote hayo hutokea. Ila kusema tusihesabu ni kujidanganya, kwa sababu tunahesabu tayari: tunahesabu magoli, basi. Na kanuni za netiboli zinawaruhusu wachezaji wawili tu kati ya saba kufunga, GS, yaani mfungaji mkuu, na GA. Kwa hiyo sifa za ushindi ni zao na lawama za kufungwa ni zao, na GK, mlinda goli aliyekuwa akipangua mipira jioni nzima, anabeba begi lake kimyakimya. Bila takwimu hakuna usawa wowote wa kirafiki hapo. Kuna watu watano wasioonekana na wawili wanaoonekana kupita kiasi.

Kuna hesabu moja ambayo naona inatosha kuliko zote. Kwenye soka, aliyefungwa ndiye anayeanza. Kwenye netiboli, kwa kanuni za kimataifa, pasi ya senta, ile ya kuanzisha mchezo katikati ya uwanja, hupokezanwa, mara yenu mara yao, bila kujali nani amefunga. Mwisho wa mechi timu mbili zimeanza mara sawa, au zimepishana kwa moja tu. Na kila senta huishia ama kwenye goli la mmoja wenu, ama kwenye filimbi ya kumaliza robo.

Sasa tuseme mmefungwa 25 kwa 18. Hayo ni magoli 43, yaani senta 43 zilizozaa goli, tuseme 22 zenu na 21 zao. Wote wanamtazama GS kwa jicho baya. Gawa magoli kwa kumfuata mwenye senta: kwenye 22 zenu mlifunga 13, wao wakafunga 9, kwenye 21 zao, wao 16 na ninyi 5. Kumbe walinzi wenu waliwapora magoli matano kwenye senta zao, na hakuna aliyewapigia makofi. Kinachouma ni yale tisa. C wenu, mchezaji wa katikati, alisimama na mpira mkononi, filimbi ikalia, halafu goli likaingia upande wenu. Mpira ulipotelea wapi? Kama daftari linasema GS na GA walirusha mara 20 na kuingiza 18, basi hata ukiwabebesha makosa yao mawili, saba zilizobaki zilikufa kabla mpira haujarushwa golini. GS aliyelaumiwa alikuwa chini ya pete, iliyo mita 3.05 kutoka ardhini, akingoja mpira usiokuja. Wa kufanyiwa mazoezi ni C, WA na pasi ya pili.

Na kazi hii haihitaji macho 14. Chora safu mbili kwenye kaunta buku, senta yetu na senta yao. Goli likiingia, weka alama kwenye safu ya aliyeanza: duara kama tumefunga sisi, msalaba kama wamefunga wao. Muda upo, maana baada ya kila goli mpira lazima urudi katikati. Kwenye mechi rasmi waandishi wa mezani hufuatilia senta ni ya nani, lakini karatasi hubaki mezani na timu inaondoka na matokeo tu. Wachezaji haohao wanaandika kikoba chao hadi shilingi ya mwisho.

Hesabu za mtu mmojammoja, nani amenasa ngapi na nani amepoteza ngapi, ni habari nyingine, na hapo wanaolikataa daftari wananishawishi zaidi. Zinahitaji watu wawili, mmoja akitazama na kutaja, mwingine akiandika bila kuinua kichwa. Timu isiyo na watu hao iziache, kwa sababu namba mbovu yenye jina la mtu pembeni yake ni fitina tupu. Hata hizo safu mbili zisimwondoe mtu kwenye nafasi yake kwa mechi moja. Ngoja tatu au nne, tena dhidi ya timu tofauti. Ukurasa akae nao kocha, na anayetaka kuona vyake aitwe pembeni avione. Kwenye grupu yatumwe matokeo tu.