Esfir Shub: mtunzi aliyetumia mikanda ya wengine

Filamu aliyoitoa Esfir Shub, mhariri wa filamu wa Kisovieti, mwaka 1927 kuhusu kuanguka kwa ukoo wa Romanov uliotawala Urusi, karibu yote ni mikanda iliyopigwa na wengine: habari za sinema za zamani, pamoja na picha ambazo Tsar Nikolai wa Pili alipigiwa na wapiga picha wa kasri. Sovkino, shirika la sinema la Kisovieti, halikutaka kumtambua kama mtunzi. Kwao aligundisha vipande tu.

Kugundisha huko tukupime. Shub alipitia mita 60,000, akachagua 5,200, na filamu ikatoka na mita 1,500 hivi. Kwa kasi ya picha 16 kwa sekunde, mita moja ni sekunde tatu na ushei, kwa hiyo kuutazama mzigo wote mara moja tu kunakula zaidi ya saa 50. Tena huo ni mkanda wa naitreti: hushika moto upesi, na penye unyevu tabaka la picha hulainika na kubanduka. Kipande kisicho na lebo hakifai kitu mpaka ujue ni nani, wapi, mwaka gani. Ufundi alikuwa nao, maana tangu 1922 alikuwa Goskino, shirika la sinema la serikali, akikata upya filamu za kigeni na kubadili maandishi yake ya skrini.

Lakini wanaomtetea nao huteleza wanapoiita filamu hiyo ushahidi mtupu. Wakubwa wanacheza mazurka, dansi ya wawili wawili, juu ya sitaha ya meli, yanakuja maandishi kuhusu jasho, mchezaji anajifuta uso. Mara tunaona wakulima wakichimba, nao wanajifuta jasho. Wachezaji na wachimbaji hawakupigwa picha pamoja. Waliokutanisha majasho hayo ni mkasi na gundi. Kweli, Shub huviacha vipande virefu kuliko Dziga Vertov, mtengenezaji mwenzake wa filamu za hali halisi, mtazamaji apate nafasi ya kukagua nyuso na nguo, na hilo ni uungwana. Ila urefu huo huo ndio unaoficha mkato, na mtu humeza hoja akidhani ameona tukio.

Kwa maoni yangu Sovkino walikosea, ila anayempa Shub utunzi ampe na lawama zake. Mwaka 1932, katika filamu ya sauti kuhusu umeme, alifungua kwa kuonyesha studio yenyewe ya kurekodia. Mwaka 1927 hakuonyesha meza yake ya uhariri.