Fedha za Leo au Faida ya Kesho: Wanawake Waandishi na Wauza Vitabu wa London

Wanaochambua historia ya vitabu vya Uingereza hugawanyika linapokuja suala la wanawake waliouza maandishi yao London kati ya mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 19. Wapo wanaosema kwamba soko la vitabu ndilo lililomkomboa mwanamke mwandishi, kwa kuwa mfanyabiashara aliyetafuta mswada wa kuuza hakumdai shahada ya Oxford au Cambridge, ambako wanawake hawakupokelewa kabisa. Wengine husema soko hilo lilimnyonya, likanunua kazi yake kwa bei ya kutupa, likaandika kwenye jalada la ndani kwamba kitabu kimetungwa na "bibi mmoja", kisha likatajirika. Pande zote mbili zina ushahidi, lakini zote humtazama muuza vitabu, ambaye wakati huo ndiye pia aliyekuwa mchapishaji, kana kwamba ndiye peke yake aliyeamua hatima ya mwandishi. Kwa maoni yangu, jambo lililoamua mengi zaidi ni muda ambao mwandishi aliweza kusubiri fedha zake, na nani alikuwa na haki ya kuzipokea zilipofika.

Tuanze na wanaolisifu soko, maana hoja yao ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1695 sheria iliyotaka vitabu vipate kibali kabla ya kuchapwa iliachwa ikaisha muda wake, na biashara ya uchapaji ikapanuka kwa kasi. Aphra Behn, aliyefariki 1689 na kuzikwa Westminster Abbey, alikuwa tayari ameonyesha kuwa mwanamke anaweza kuishi kwa kalamu yake, ingawa kipato chake kilitoka zaidi kwenye majumba ya maigizo. Waliomfuata walitegemea vitabu vyenyewe. Elizabeth Carter alitafsiri kazi za mwanafalsafa Epictetus kutoka Kigiriki mwaka 1758, kwa utaratibu wa kuandikisha wanunuzi kabla kitabu hakijachapwa, akapata karibu pauni 1,000. Ann Radcliffe aliuza The Mysteries of Udolpho kwa pauni 500 mwaka 1794, na miaka mitatu baadaye akauza The Italian kwa pauni 800, katika kipindi ambacho riwaya nyingi zilinunuliwa kwa pauni 10 au 20 tu. Ikumbukwe kwamba mshairi John Milton alipewa pauni 5 mwaka 1667 kwa Paradise Lost, na pauni 5 nyingine baada ya toleo la kwanza kuuzwa. Kwa hiyo malipo duni peke yake hayathibitishi kwamba mtu alidhulumiwa kwa sababu ni mwanamke.

Hata suala la majina linahitaji tahadhari. Riwaya nyingi za nusu ya pili ya karne ya 18 zilitoka bila jina la mtunzi, awe mwanamume au mwanamke, na maneno "bibi mmoja" yalikuwa pia chambo cha kuwavutia wasomaji wa maktaba za kuazima. Siamini kwamba kila jina lililofichwa lilifichwa kwa woga.

Ndani ya biashara yenyewe wanawake hawakuwa wageni. Mjane wa mchapaji aliweza kurithi mitambo na wanagenzi wa mumewe, na wengine walirithi kutoka kwa baba, kama Tace Sowle, aliyeshika karakana ya baba yake mwaka 1691 na kuwa mchapaji mkuu wa Waquaker, kundi la Kikristo. Mary Cooper aliendesha duka la marehemu mumewe katika mtaa wa Paternoster Row kuanzia 1743 hadi 1761, na jina lake limo kwenye toleo la kwanza la shairi maarufu la Thomas Gray la mwaka 1751 kama muuzaji. Hata hivyo sioni sababu ya kulikuza jambo hili kupita kiasi. Mwanamke aliyemiliki duka alinunua kilichouzika, kama walivyofanya majirani zake wanaume, na waandishi wanawake hawakupata masharti nafuu kwake.

Masharti hayo ndiyo kiini cha mjadala. Sheria ya mwaka 1710, inayojulikana kwa jina la Malkia Anne, ilimtambua mwandishi kuwa mmiliki wa kwanza wa kazi yake kwa miaka 14, na miaka 14 mingine iwapo bado yu hai. Kwenye karatasi ilikuwa haki nzuri, lakini katika mazoea ya biashara mwandishi aliuza hakimiliki yote kwa mkupuo, akalipwa mara moja, na faida yote iliyofuata ikawa ya mnunuzi. Frances Burney aliuza Evelina mwaka 1778 kwa gini 20 (gini moja ilikuwa pauni moja na shilingi moja). Mswada huo aliunakili kwa mwandiko wa kuigiza, kwa sababu alikuwa karani wa baba yake na alihofu wachapaji wangeutambua mkono wake. Kitabu kilivuma, na mnunuzi, Thomas Lowndes, akavuna. Mwaka 1796, akiwa sasa na jina na marafiki katika nyumba za wakubwa, Burney aliitoa Camilla kwa kuandikisha wanunuzi, gini moja kila mmoja, wakajitokeza zaidi ya 1,000, na hakimiliki ikauzwa kwa pauni 1,000. Kati ya vitabu hivyo viwili sheria haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwandishi hakulazimika tena kupokea bei ya kwanza aliyotajiwa.

Charlotte Smith hakuipata nafasi hiyo kamwe. Mumewe Benjamin aliingia gereza la wadaiwa la King's Bench mwishoni mwa 1783, Charlotte akaishi humo pamoja naye kwa miezi kadhaa, akachapisha mashairi yake mwaka 1784 ili kupata fedha. Baadaye aliachana na mume huyo, akalea watoto wake kwa riwaya alizoziandika mfululizo, huku akiomba malipo ya awali kwa kurasa ambazo hazijaandikwa. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mke hakuwa na mapato yake mwenyewe. Benjamin, ingawa waliishi mbalimbali, alikuwa na haki ya kuyadai malipo hayo, na alikuja kuyachukua. Wachapishaji wa Charlotte, akiwemo Thomas Cadell, wanaweza kulaumiwa kwa ubahili, lakini ni vigumu kuwalaumu kwa sheria ambayo hawakuitunga. Nao, kwa upande mwingine, walijua fika kwamba mtu mwenye njaa hasubiri, na bei zao zilizingatia hilo.

Kisa kinachoonyesha ugumu wa kutoa hukumu ni cha Ann Yearsley, mwanamke muuza maziwa wa Bristol. Mwandishi Hannah More aliyaona mashairi yake, akayahariri, akaandika dibaji, akaandikisha wanunuzi zaidi ya 1,000, na kitabu kikatoka mwaka 1785. Fedha zilizopatikana, zaidi ya pauni 300, More na rafiki yake tajiri Elizabeth Montagu waliziweka chini ya udhamini wao wawili, yaani wao ndio walizishika na kuzisimamia kwa niaba yake, na Yearsley akasainishwa hati ambayo haikumpa sauti yoyote juu ya mtaji huo. Alipotaka awe mdhamini wa tatu kwa ajili ya watoto wake, ugomvi ukalipuka na haukuisha.

Ni rahisi kumwona More kama tajiri aliyetaka kumtawala maskini, na lugha yake kuhusu hadhi ya muuza maziwa inampa msomaji kila sababu ya kufikiri hivyo. Lakini hoja ya kisheria iliyomsukuma ilikuwa ya kweli: kama fedha zingekabidhiwa kwa Yearsley, zingekuwa za mume wake siku hiyo hiyo. Udhamini ulikuwa njia iliyozoeleka, hasa katika familia zenye mali, ya kumlinda mke dhidi ya mumewe. Kosa la More, kwa tathmini yangu, halikuwa kuweka udhamini, bali kumtoa ndani yake mtu aliyeifanya kazi. Yearsley alieleza upande wake kwa maandishi mwaka 1786, hatimaye akazipata fedha zake, akachapisha kitabu cha pili bila More, na mwaka 1793 akafungua maktaba ya kuazima huko Hotwells. Wanaodai kwamba soko lilikuwa katili kuliko ufadhili wa wema wanapaswa kukieleza kisa hiki, maana Yearsley aliukimbia ufadhili akajitupa sokoni.

Jane Austen, ambaye hakuolewa na hivyo sheria ya ndoa haikumgusa, alijaribu karibu kila aina ya mkataba. Mwaka 1803 kampuni ya Crosby ilinunua mswada wake kwa pauni 10 na kuuweka tu. Alipouliza mwaka 1809, alijibiwa kwamba akitaka aununue kwa bei ile ile, na ulirudishwa mwaka 1816. Sense and Sensibility ya 1811 ilitolewa na Thomas Egerton kwa gharama na hatari ya mwandishi mwenyewe, ikamletea faida ya pauni 140. Kisha akamuuzia Egerton hakimiliki ya Pride and Prejudice kwa pauni 110, ingawa alitaka 150, na wanahistoria wanakadiria kwamba matoleo mawili ya kwanza yalimpa Egerton takriban pauni 450. Hadi hapa ushahidi uko upande wa wanaolilaumu soko. Lakini John Murray alipompa pauni 450 kwa hakimiliki za riwaya tatu, Austen alikataa, akatoa Emma kwa gharama yake mwenyewe, na hasara ya toleo la pili la Mansfield Park ikala faida yake hadi akabakiwa na pauni 38 na shilingi 18. Benki ya kaka yake Henry, aliyemsimamia katika mazungumzo haya, ilifilisika Machi 1816, na Jane akafariki Julai 1817. Kwa maisha aliyobakiwa nayo, bei ya Murray ilikuwa bora, na hakuna mchapishaji wa kulaumiwa kwa hilo.

Kusubiri kulikuwa na thamani kwa aliyeishi kuiona, au kwa warithi wake. Mwaka 1832 Richard Bentley alipotaka kutoa riwaya zote sita, aliilipa familia ya Austen pauni 210 kwa tano kati yake. Ya sita, Pride and Prejudice, aliinunua kwa pauni 40 kutoka kwa wasimamizi wa mirathi ya Egerton, kwa sababu mauzo ya mwaka 1812 yalikuwa bado na nguvu kisheria.