Ngoma za Wagogo siyo za kupokelea wageni tu jamani

Kuna klipu imezunguka kwenye magrupu wiki hii, nimeiangalia mpaka mwisho na nimekasirika. Uzinduzi wa mradi wa kufufua ngoma asilia ili kuinua kijiji, Dodoma vijijini huko. Kina mama wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, wamesimama juani, ngoma wamezibana mapajani, wanamsubiri mgeni rasmi ambaye kama kawaida kachelewa, alipofika wakapiga kidogo tu MC akadakia "asanteni sana kina mama", hotuba zikaanza. Ndefu hizo! Mwisho soda na tisheti. Basi kijiji kimeinuka.

Mimi nasema hivi, muziki unaweza kweli kushikilia kijiji, tena Ugogo hasa ambako mvua ni za kubahatisha na vijana wanakimbilia mjini. Ila kinachofanya hiyo kazi ni mazoezi, shoo ni matokeo tu. Nyimbo za Kigogo sauti zimepandana, huyu anaanzisha, wale wanaitikia, mwingine anapita juu, mmoja akikosekana pengo linasikika. Ili wimbo ukae lazima watu wakutane jioni, wagombane, wacheke, warudie tena, na hao hao ndo kesho utawakuta wanachangishana msiba au wanasaidiana kulima. Mradi ukileta jukwaa bila mazoezi umeleta sare tu.

Kwa hiyo walipeni wazee wafundishe. Walipeni kama mnavyomlipa mwezeshaji wa semina anayekuja na leptopu! Niliwahi kukaa na mzee mmoja anatengeneza ilimba, ile ala ya boksi lenye vyuma vya kupiga kwa vidole, kuna tundu kwenye boksi linazibwa na utando wa kifuko cha mayai ya buibui, ndo unaoipa ilimba ule mvumo wake. Anaubandika, anagonga chuma, anasikiliza, haujamridhisha, anaubandua anatafuta mwingine. Kijana mmoja akamshauri aweke nailoni tu yaishe. Mzee hata hakumjibu. Sasa niambie hiyo utaifundisha kwenye semina ya siku moja? Inataka mtoto akae pale miezi, na mzee asiwaze atakula nini.

Halafu tunapenda kumtaja Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo. Sawa, fahari yetu, Nyerere alimuona akamleta Dar, akaishi Bagamoyo mpaka alipofariki 2003, akarekodi mpaka kwenye lebo ya Peter Gabriel Uingereza. Ila tunavyoisimulia ni kama vile mafanikio ni kuondoka kijijini. Na mjini kwenyewe Mgogo akitajwa ni utani wa ombaomba, akishika zeze mbele ya wazungu ghafla anakuwa "utajiri wa utamaduni wetu". Tuna mambo sisi.

Na zile rekodi za zamani je? Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipita Tanganyika 1950 na mashine zake, alichorekodi kimehifadhiwa Afrika Kusini kwenye maktaba aliyoianzisha 1954. Wajukuu wa waliopiga wanapaswa kuzisikia, na siyo kwa kutumiwa linki, pelekeni spika kijijini watu wakae wasikilize, bibi atasema huu naujua, mstari wa pili wamekosea. Kenya walishazirudisha za Wakipsigis, sisi tunasubiri nini?

Haya, nisiwe mbaya, tamasha la muziki wa Cigogo (yaani Kigogo) pale Chamwino linafanyika kijijini kwenyewe na watoto wanapiga, hilo nalikubali. Na makanisa yaliyoziita ngoma hizi za kishenzi leo yanazipiga ibadani, hilo nalo nalikubali, shingo upande.

Ila nyie wa kamati ya ule mradi, nionesheni kwenye bajeti mstari mmoja tu ulioandikwa "mwalimu wa zeze". Wa maturubai na viti nimeshaambiwa upo.