Sisimizi kala mguu wa tano

Jamani hii kazi ya kutafuta vijidudu vipya vya baharini usikieni tu kwa watu. Kuna viumbe wanaitwa kopepodi, ukoo mmoja na kamba na kaa ila wadogo mpaka uduvi mbele yao ni nyangumi. Wanaojulikana kisayansi washapita 10,000 na bado ukisuuza mwani kidogo tu wanadondoka usiowajua. Mi nikasuuza mwani wa Paje kule Zanzibar, kina mama wa mwani wananicheka "we kaka, unafua nini?", nikapata dume moja halifiki hata milimita, napekua vitabu vyote simuoni.

Sasa kopepodi hatambuliki kwa sura, anatambulika kwa miguu, hasa ule wa tano. Unahesabu vinywele na miiba yake, na wa dume si sawa na wa jike, bila huo mguu hata umlilie mhariri wa jarida la sayansi hakupokei. Unaukata chini ya hadubini kwa sindano mbili nyembamba, pumzi umebana, feni umezima na joto lile la kaskazi, unauweka kwenye tone la gliserini juu ya slaidi, kile kijikioo cha hadubini. Nikautoa, jozi nzima, miiba yote ipo! Nikaenda kuswali adhuhuri jina nishachagua, la mama mkwe, maana kama Bob Marley alipewa mdudu wake 2012 kule Karibi, Gnathia marleyi, tena mnyonya damu ya samaki, sembuse mama mkwe ambaye mahari yenyewe nimelipa nusu.

Narudi, nachungulia, naona jicho. Jicho jeusi, kuubwa, la vipande vipande, na chini yake mataya yanatafuna. Nikapiga ukelele "nimepata mwingine!", maabara nzima ikaja mbio, mzee wa maabara akapenya, akainama, akanyanyuka taratibuu.

"Huyo sisimizi."

Kumbe gliserini tamu bwana, na wenyewe washapanga foleni toka dirishani mpaka mezani kwangu. Tone limelambwa, mguu haupo. Msimamizi akaniuliza "tumboni mwake mmeangalia?" nikacheka, yeye hacheki. Basi tukamlaza sisimizi kwenye slaidi, watu wazima na digrii zetu, tunapasua tumbo la sisimizi tunatafuta mguu. Hamna kitu, nadhani tulimkamata yule wa mwisho kwenye foleni, aliyekula yuko kwao analala.

Siku hizi miguu ya ile meza iko ndani ya makopo ya maji, mtindo wa kabati la vyakula kwa bibi.

Jioni mama mkwe akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mdudu wangu vipi, kashatangazwa?"

"Kaliwa mama."

"Kaliwa na nani?"

"Na sisimizi."

Kimya. Halafu: "Basi jina langu mpe huyo sisimizi, yeye angalau kala akamaliza. Ile nusu nyengine ya mahari lini?"