Waliokuja Baada ya Mapumziko

Viti vitano vya mstari wetu vilikaa vitupu kipindi chote cha kwanza cha tamasha la okestra. Mapumziko yalipokwisha vikajaa, na mzee aliyeketi kando yangu akavua koti, akashusha pumzi, akasema: "Haya, sasa ndiyo muziki wenyewe unaanza." Siku tatu zimepita na neno lile bado linaniuma.

Alichokosa ni Konseto ya Piano katika F, yaani muziki wa piano na okestra, ya Gershwin, Mmarekani aliyeuchanganya muziki wake na jazi; ilisikika mara ya kwanza Carnegie Hall, New York, Desemba 1925, mtunzi mwenyewe akiwa kwenye piano. Alichokifuata ni Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Na hayuko peke yake. Wengi huamini kwamba jazi ikitangulia Tisa, Tisa imevunjiwa heshima.

Mimi nasema watu hao hawajaisikiliza Tisa yenyewe.

Katika sehemu ya nne mwimbaji wa besi anasimama na kuimba, "Enyi marafiki, si sauti hizi!" Maneno hayo hutumiwa kama amri ya kuusafisha muziki. Lakini sikilizeni kinachokuja baadaye. Kwaya inapanda, inapanda, inafika kwenye neno "Mungu" na kulishikilia kwa nguvu zote, halafu kimya. Ndani ya kimya kile mabasuni, zile zumari ndefu za sauti nzito, na ngoma kubwa vinaguna chini kabisa, mara moja, mara ya pili, kisha yanaingia matoazi na pembetatu ya chuma. Ni gwaride! Ni mtindo wa bendi za askari wa Kituruki, muziki wa barabarani, na Beethoven aliuweka palepale baada ya jina la Mungu, Vienna, mwaka 1824, wala hakumwomba mtu radhi.

Nilikuwa namtazama mpiga pembetatu. Alikaa karibu saa nzima mikono mapajani, maana kabla ya hapo hana hata noti moja. Zamu yake ilipofika akaiinua hadi usawa wa kidevu, akaigonga taratibu kama anayemwamsha mtoto. (Na jamani, wale soprano, wanawake wa sauti ya juu kabisa kwenye kwaya! Beethoven anawaacha juu kule, pumzi ikiwaishia, na bado wanashikilia.)

Nakubali, zipo konseto za kuchanganya mitindo ambazo ni ngoma tu zilizobandikwa juu ya fidla. Hizo sizitetei. Na usiku ulikuwa mrefu kweli, kwani Tisa peke yake hula dakika 70 hivi.

Lakini Gershwin hakubandika kitu. Sehemu ya pili inafunguka kwa bluzi, na tarumbeta iliyofunikwa mdomo ndiyo inayoimba, pole pole, peke yake, kama mtu anayeongea usiku wakati wengine wamelala. Mpigaji alikuwa kijana. Alifumba macho tangu noti ya kwanza. Mama mmoja mbele yangu aliacha kupepea programu yake, akaishusha magotini, na hakuigusa tena mpaka tarumbeta iliponyamaza.

Mwisho wa yote, ukumbi mzima ukiwa umesimama, kondakta aliwapita waimbaji wanne wakuu wa Tisa, akanyoosha mkono hadi nyuma ya okestra na kumwinua kijana yule. Sisi tuliokuwepo tangu mwanzo tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mzee wa kando yangu aliniinamia, akauliza huyo kafanya nini.